Afisa wa polisi akikukataza kumrekodi: sheria ya Kenya inasemaje?

Msomaji mmoja, utingo wa matatu mjini Mombasa, ameniuliza hivi. Asubuhi moja karibu na soko aliwaona maafisa wawili wa polisi waliovaa sare wakimpiga rungu mama muuza mboga. "Nilikuwa ng'ambo ya barabara," anasema, "nikatoa simu nikaanza kurekodi. Afisa mmoja akavuka, akaninyang'anya simu, akanilazimisha niifungue, akaifuta video, kisha akaniambia nimezuia kazi ya serikali. Nilikalishwa kituoni muda wa saa tatu hivi, nikaachiliwa bila kuandikishwa chochote. Je, wakili, nilikosa? Na sasa kwa kuwa video haipo, kuna la kufanya?"

Ndugu yangu, hukukosa. Natanguliza jibu hilo kwa sababu najua umekuwa nalo moyoni tangu siku ile, na kwa sababu wateja wengi huja ofisini wakiamini kwamba kumrekodi polisi ni kosa, ilhali hawakumbuki ni nani aliyewaambia wala ni sheria ipi inayosema hivyo. Hakuna sheria ya Kenya inayomkataza raia kumpiga picha au kumrekodi afisa wa polisi anayefanya kazi yake mahali pa umma. Ni kweli pia kwamba hakuna kifungu kinachotamka waziwazi kuwa raia ana ruhusa hiyo, na maafisa wengine hulitumia pengo hilo kuwatisha watu. Lakini chini ya Katiba yetu ya 2010 raia haombi ruhusa ya kuwa huru. Anayetaka kumzuia ndiye anayetakiwa kuonyesha sheria inayompa uwezo huo.

Msingi wa haki yako ni Ibara ya 33, inayompa kila mtu uhuru wa kujieleza, na uhuru huo unajumuisha kutafuta habari, kuzipokea na kuzieneza. Naomba ulizingatie neno "kutafuta". Katiba haikungoja mpaka habari ikufikie; imekulinda tangu unaponyoosha mkono kuichukua, na mtu aliyesimama barabarani akiwa na simu iliyowashwa anafanya jambo hilo hasa. Zingatia pia neno "kila mtu". Ibara ya 34 inawahusu wanahabari na vyombo vyao, lakini Ibara ya 33 haiulizi kama una kitambulisho cha gazeti, kwa hiyo utingo na mpiga picha wa televisheni wamesimama mahali pamoja. Uhuru huo unaweza kuwekewa mipaka, ila Ibara ya 24 inataka mpaka wowote uwekwe kwa sheria, tena iwe sheria yenye sababu inayoweza kutetewa katika jamii huru ya kidemokrasia. Amri ya mdomo ya afisa aliyekasirika haifikii hapo.

Mara nyingi afisa hujitetea kwamba naye ni binadamu na ana haki ya faragha chini ya Ibara ya 31. Hoja hii nataka niijibu kwa heshima, kwa sababu nusu yake ni kweli. Afisa ana faragha yake. Nyumbani kwake, hospitalini, akiwa na watoto wake ufukweni siku ya mapumziko, huna haki ya kumfuata na kamera kwa sababu tu unajua kazi yake. Lakini Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi ya 2011 linamtaka kila afisa aliyevaa sare awe, wakati wote, na jina lake au nambari yake ya utumishi mahali panapoonekana wazi kwenye sare hiyo. Bunge lilikusudia mwananchi anayekutana na afisa kazini aweze kumjua ni nani. Sheria ikishaagiza kwamba jina lako lisomeke kifuani, huwezi kudai kwamba uso wako na matendo yako, katika saa zilezile na katika barabara ileile, ni siri yako binafsi. Afisa anayeficha jina kwa kulibandika utepe, au anayevaa barakoa ili asitambulike katika shughuli ya kawaida ya barabarani, ndiye anayepaswa kueleza, wala si wewe uliyemrekodi.

Sasa tuje kwenye shtaka ulilotishiwa nalo. Kifungu cha 103 cha sheria hiyo ya polisi kinamwadhibu mtu anayemshambulia afisa, anayempinga au anayemzuia kwa makusudi katika utekelezaji halali wa kazi yake, na adhabu yake si ndogo, kwa hiyo usilichukulie kama tishio tupu. Hata hivyo, kila neno katika kifungu kile lina uzito wake. Kuzuia ni kumfanya afisa ashindwe kutenda kazi au iwe vigumu kwake kuitenda: kujiweka kati yake na mtu anayekamatwa, kumvuta mkono, kuvuka utepe uliozungushwa mahali pa tukio, kumpigia mshukiwa kelele akimbie. Kusimama ng'ambo ya barabara ukiwa kimya na simu mkononi hakumzuii mtu kufanya kazi yoyote iliyo halali. Neno "halali" nalo lipo kwa sababu. Kumpiga rungu mama aliyeketi kando ya fungu lake la sukumawiki, asiyekimbia wala kupigana, si utekelezaji halali wa kazi, na Jedwali la Sita linaruhusu nguvu pale tu ambapo njia zisizo za nguvu zimeshindikana au hazielekei kufaulu, tena kwa kiasi kinacholingana na hali iliyopo.

Nakushauri lakini, wewe na kila anayesoma hapa, afisa akikuambia urudi nyuma, rudi hatua kadhaa huku ukiendelea kurekodi, na useme kwa sauti ya kawaida: "Nimerudi nyuma, afande, sizuii kazi yako." Maneno hayo yataingia katika video na yatakuwa utetezi wako bora iwapo utashtakiwa. Vijana wetu wengi wamejifunza jambo hili kutokana na video za Marekani, ambako wapo watu wanaowafuata polisi makusudi na kamera, wakiwachokoza kwa maneno ili wapate tukio la kurusha mtandaoni. Nawasihi wasiige mtindo huo. Kamera iliyoshikwa na mtu mtulivu, mwenye heshima, humpa hakimu picha iliyo wazi; matusi ya mwenye simu humpa afisa sababu ambayo hakuwa nayo.

Utasikia pia vitisho vya aina nyingine: kwamba "unaichafulia polisi jina" au "unadharau mamlaka". Vitisho hivyo vilikuwa na sheria nyuma yake zamani, na nadhani maafisa wengi walifunzwa wakati huo. Kifungu cha 132 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kosa kudhoofisha mamlaka ya mtumishi wa umma, kilibatilishwa na Mahakama Kuu mwaka 2017 katika kesi iliyofunguliwa na mwanablogu Robert Alai. Mwaka huohuo, Mahakama Kuu ilikiondoa pia kifungu cha 194 kilichofanya kashfa kuwa kosa la jinai. Kabla ya hapo, Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Usalama ya 2014 ilikuwa imejaribu kuadhibu uchapishaji wa picha za kutisha, pamoja na habari na picha zinazohusu operesheni dhidi ya ugaidi ikiwa polisi hawajaziidhinisha. Februari 2015, jopo la majaji 5 lilivifuta vifungu hivyo kwa sababu viliukandamiza uhuru wa kujieleza. Na Juni 25, 2025, Mamlaka ya Mawasiliano ilipoviagiza vituo vya televisheni na redio visitangaze maandamano moja kwa moja, Mahakama Kuu ililisimamisha agizo hilo. Mwelekeo wa mahakama zetu ni mmoja kwa zaidi ya miaka 10 sasa, ingawa habari zake zinachelewa sana kufika vizuizini na vituoni.

Sitaki hata hivyo udhani kwamba haki hii haina ukingo. Yako maeneo yanayolindwa kisheria, kama vile kambi za jeshi, ambako kupiga picha pekee kunaweza kukutia hatiani. Mahakamani unahitaji idhini ya hakimu. Ndani ya kituo cha polisi mimi nashauri simu ikae mfukoni, kwa sababu pale kaunta huja watoto, na huja wanawake waliobakwa kutoa taarifa zao, na video yako itawafichua kabla ya kumfichua afisa yeyote. Katika operesheni inayoendelea ya kuwaokoa mateka, kurusha moja kwa moja mahali walipo maafisa kunaweza kuua mtu. Waliokuwa Nairobi Septemba 2013, wakati wa shambulio la kigaidi katika jumba la maduka la Westgate, wanajua ninachosema. Rekodi ukipenda, lakini usirushe. Kurekodi na kuchapisha ni matendo mawili, na hatari kubwa ya kisheria kwako imo katika la pili. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya 2018 ilileta vifungu dhidi ya anayechapisha habari za uongo, na vifungu hivyo vimebishaniwa mahakamani tangu mwaka huo. Video yenyewe huwa haina uongo. Uongo huingia katika maneno tunayoyaandika juu yake. Uliona afisa akimpiga mama kwa rungu: andika hivyo. Usiandike kwamba "ameua", wala kwamba "alitumwa na fulani", ikiwa hukuliona hilo.

Kuhusu simu yako, hapa ndipo ulipodhulumiwa zaidi. Ibara ya 31 inakulinda usipekuliwe, mali yako isichukuliwe, na faragha ya mawasiliano yako isiingiliwe, nayo simu ya leo ina maisha yote ya mtu: picha za watoto, akaunti ya M-Pesa, mazungumzo na daktari. Njia ya kawaida ya polisi kuipekua ni hati ya mahakama, iwe chini ya kifungu cha 118 cha Kanuni ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai au, kwa data zilizomo ndani ya kifaa, chini ya kifungu cha 48 cha ile sheria ya 2018. Yapo mazingira machache ambapo afisa anaweza kuchukua kitu bila hati, kwa mfano anapomkamata mtu kihalali na kitu hicho ni ushahidi wa kosa lililosababisha akamatwe, lakini hata hapo anakichukua ili kihifadhiwe na kuandikishwa. Hakuna mazingira yoyote, narudia, hakuna, ambayo sheria inampa afisa mamlaka ya kuifuta video iliyomo katika simu ya raia. Kifungu cha 116 cha Kanuni ya Adhabu kinamtia hatiani mtu yeyote anayeharibu kwa makusudi kitu anachojua kwamba kinaweza kuhitajika kama ushahidi mahakamani. Afisa aliyefuta video ya kipigo alichoshiriki yeye mwenyewe amejiweka karibu sana na kifungu hicho.

Nambari ya siri nayo hukuwa na wajibu wa kuitoa. Ibara ya 49 inampa aliyekamatwa haki ya kunyamaza, na Ibara ya 50 inamruhusu mshtakiwa kukataa kutoa ushahidi wa kujitia hatiani. Mimi ningesimama mbele ya jaji yeyote nitetee kwamba kumlazimisha mtu aifungue simu yake bila hati ya mahakama kunazivunja haki hizo pamoja na faragha yake. Lakini najua pia kwamba barabarani, rungu likiwa juu, hoja za Katiba hazikingi kichwa. Ukiona utaumizwa, fungua simu. Kufungua kwa kulazimishwa hakukupotezei haki ya kulalamika baadaye. Kilicho ndani ya uwezo wako ni kujiandaa mapema: funga simu kwa nambari badala ya alama ya kidole, maana kidole kinaweza kushikwa na kubanwa juu ya kioo, na uwashe huduma ya kuhifadhi picha mtandaoni ili nakala iwe imekwenda kabla simu haijachukuliwa.

Katika maandamano mambo ni hayohayo, na yana nguvu zaidi. Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, katika Maoni yake ya Jumla nambari 37 ya Julai 2020, ilieleza kwamba wanaofuatilia mikusanyiko wasilipiziwe kisasi, vifaa vyao visitwaliwe wala kuharibiwa, na kwamba haki ya kufuatilia haiishi hata mkusanyiko unapotangazwa kuwa haramu au unapotawanywa. Kenya ni mwanachama wa mkataba ambao kamati hiyo inausimamia, na Ibara ya 2(6) inaufanya mkataba huo kuwa sehemu ya sheria zetu.

Na kama kuna anayeuliza video inasaidia nini, akumbuke Januari 2011, pale picha zilizopigwa katika barabara ya Lang'ata jijini Nairobi zilipowaonyesha polisi waliovaa kiraia wakiwapiga risasi wanaume 3, na maafisa 3 wakasimamishwa kazi. Akumbuke Novemba 2019, mwanafunzi wa chuo kikuu cha JKUAT alivyorekodiwa akipigwa mateke na maafisa huko Juja, na Inspekta Jenerali wa wakati huo, Hilary Mutyambai, akaagiza hatua zichukuliwe. Akumbuke Juni 17, 2025, mchuuzi wa barakoa alipopigwa risasi kichwani kwa karibu katikati ya Nairobi, mbele ya kamera. Kijana yule alifariki, na kesi ya mauaji ikafunguliwa. Bila picha zile, kila moja ya habari hizi ingekuwa neno la raia dhidi ya neno la polisi, nasi mawakili tunajua mizani hiyo huelemea upande gani.

Kwa sababu hiyo naomba tulitazame kwa makini jambo ambalo watu hulipuuza, yaani namna video inavyofika mbele ya hakimu. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 78A, inakubali ushahidi wa kielektroniki, na kifungu cha 106B kinahitaji cheti kinachoeleza rekodi hiyo ni ipi, ilitengenezwa vipi na kwa kifaa gani. Nimewahi kushika simu ya mteja iliyokuwa na video nzuri sana, lakini ilikuwa nakala iliyopita katika makundi sita ya WhatsApp: imebanwa hadi nyuso zimekuwa vivuli, mtu ameipachika wimbo wa maombolezo, mwingine ameikata sekunde za mwanzo zinazoonyesha ugomvi ulivyoanza. Aliyeirekodi mwanzo hatukumpata kamwe. Wakili wa upande wa pili hakuwa na haja ya kusema mengi. Kwa hiyo ukirekodi, ile faili ya asili isiguswe wala kukatwa wala kuandikwa juu yake. Ukitaka kutuma, tuma nakala. Unaporekodi, taja kwa sauti tarehe, saa na mahali, kisha izungushe simu polepole ionyeshe kibao cha duka, nguzo, nambari ya gari la polisi, halafu rudi kwenye tukio na utulie hapo. Shika mkono mmoja kwa mwingine ikiwa unatetemeka, kwani hakuna asiyetetemeka. Sekunde 40 zilizotulia zinamfaa hakimu kuliko dakika 10 za lami na viatu.

Sasa wewe ufanye nini? Kwanza, kabla ya jambo lolote, fungua sehemu ya picha katika simu yako na utafute folda ya vilivyofutwa karibuni. Katika simu nyingi, picha iliyofutwa hubaki humo kwa siku 30 hivi, na afisa mwenye haraka mara nyingi hajui kwamba ipo. Ukiikuta, irejeshe na usiitume kwa mtu yeyote mpaka uwe umeonana na wakili. Usipoikuta, acha kurekodi na kupakua vitu vipya katika simu hiyo, kwa maana kila kitu kipya kinaweza kukalia nafasi ya kile kilichofutwa. Mtaalamu wa uchunguzi wa vifaa vya kidijitali huenda akaweza kuirudisha.

Pili, kaa chini leo uandike yote unayoyakumbuka: majina au nambari za sare ulizoziona, maneno uliyoambiwa, saa uliyoingia kituoni na saa uliyotoka, na nani alikuwa kaunta. Kutoandikishwa kwako katika kitabu cha matukio si jambo dogo. Aliyekamatwa lazima aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, na kukalishwa kituoni kwa muda wote ule bila nambari ya kitabu hicho (OB) ni kukuzuilia pasipo na kumbukumbu, jambo ambalo linaweza kuwa lalamiko la pekee.

Tatu, peleka malalamiko yako kwa IPOA, mamlaka huru ya kusimamia utendaji wa polisi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, ambayo ina ofisi Mombasa na haitozi ada. Mashirika ya haki za binadamu ya MUHURI na Haki Africa, yote ya hapa Pwani, yamezoea kuwasindikiza walalamishi na kuwasaidia kuandika taarifa zao. Ukiamua kwenda mbali zaidi, Ibara ya 22 inakuruhusu kufungua ombi la kikatiba Mahakama Kuu, na Ibara ya 23 inaipa mahakama uwezo wa kuamuru ulipwe fidia. Nakueleza ukweli kwamba njia hiyo ni ndefu na itakuchosha.

Kumbuka tu kwamba ushauri huu wote ni wa sheria ya Kenya. Anayevuka Lungalunga kuingia Tanzania asiuchukue kama ulivyo, kwani Katiba ya huko na kanuni zake za maudhui ya mtandaoni ni nyingine.

Mwisho, mtafute yule mama. Pengine hajui kwamba kuna mtu aliyemwona. Aende hospitali ya umma atibiwe, achukue fomu ya P3, yaani fomu ya polisi ya kuthibitisha majeraha, na ijazwe na daktari kabla majeraha hayajapona, na kama anaogopa kurudi kituo kilekile kuichukua fomu hiyo, IPOA au shirika mojawapo kati ya yale niliyoyataja linaweza kumsaidia. Hata kama video haitapatikana tena, wewe bado ni shahidi aliyeona kwa macho yake, mchana, ukiwa ng'ambo ya barabara moja tu, na sheria inaupokea ushahidi wa namna hiyo tangu zamani kabla ya simu kuwa na kamera. Nendeni pamoja.